The Bravery: bendi iliyosifiwa kabla ya kusikilizwa

Albamu ya kwanza ya The Bravery ilipoingia madukani Machi 2005, watu wengi walikuwa wameshaamua. Januari ya mwaka huo BBC ilikuwa imetangaza matokeo ya kura yake ya Sound of 2005. Hii ni kura ambayo wakosoaji, watangazaji na watu wa ndani wa biashara ya muziki Uingereza hutaja wasanii wapya wanaodhani watatamba katika mwaka unaoanza. Namba moja walikuwa vijana hawa watano wa New York. Bloc Party, bendi ya London ambayo leo inatajwa kwa heshima kubwa zaidi, ilikuwa chini yao kwenye kura hiyohiyo.

Basi albamu ilipotoka, tena ikiwa imepewa jina la bendi yenyewe, kila mtu aliisikiliza akiwa na jibu lake mfukoni. Waliotaka kura ionekane imepatia walisikia nyimbo za kuchezeka, zenye kinanda kinachonata na sauti yenye uchungu ndani yake. Waliochoshwa na makelele ya miezi mitatu walisikia kiki tupu: nywele zilizopangwa kwa makini, wanja machoni, na kiporo cha miaka ya 1980. Kundi la tatu, ambalo kwa kawaida halipigi kelele, lilipenda wimbo mmoja, likanunua huo mmoja, likaendelea na shughuli zake.

Niseme mapema ninaposimama. Hii ni albamu ya kawaida yenye nyimbo tatu nne nzuri kwelikweli, na ubishi ulioizunguka haukuwa juu ya nyimbo hizo. Watu walikuwa wanabishana juu ya nani alitangulia, nani alibebwa na nani ana haki ya kuazima mtindo wa zamani, huku wote wakidhani wanazungumzia muziki.

Tuanze na mtindo wenyewe

New wave, mtindo ambao The Bravery waliuazima, ilizaliwa kwenye mkia wa panki, ile roki ya haraka na ya hasira, kati ya mwaka 1976 na 1978. Panki ilikuwa imewaambia vijana kwamba huhitaji kuwa fundi ili uunde bendi; kodi (chords) tatu za gitaa zinatosha, hasira inatosha. Lakini kwenye klabu ileile ya CBGB pale mtaa wa Bowery, New York, walikopiga Ramones, walikuwepo pia Talking Heads na Blondie, watu waliopenda disko, fanki na rege na ambao hawakuona sababu ya kujinyima. Seymour Stein, mwenye lebo ya Sire, alilishabikia sana jina la new wave kwa sababu za kibiashara: neno panki lilikuwa linawatisha wenye vituo vya redio vya Marekani, na yeye alikuwa na rekodi za kuuza.

Uingereza ndiko mtindo ulikokutana na mashine. Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya Joy Division, alipojiua Mei 1980, wenzake waliobaki walijiita New Order na taratibu wakahamia kwenye vinanda vya umeme na mashine za ngoma. Depeche Mode walitupa gitaa karibu lote. The Cure wakachanganya giza na nyimbo za mapenzi. Duran Duran wakasema wazi kwamba wanataka kuwa Sex Pistols wa panki na Chic wa disko kwa wakati mmoja. Vifaa navyo vilikuwa vimeanza kumfikia kijana wa kawaida: mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, kinanda cha Juno-60 kikatoka mwaka 1982, Yamaha DX7 mwaka uliofuata. Sauti tunayoiita leo ya miaka ya themanini kwa kiasi kikubwa ni sauti ya vyombo vichache vilivyonunuliwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Halafu ikaja televisheni. MTV ilifunguliwa Marekani tarehe 1 Agosti 1981, ikiwa na njaa ya video kuliko video zilizokuwepo, na bendi za Uingereza ndizo zilizokuwa nazo. Ghafla kijana wa Ohio alikuwa anamwona Simon Le Bon, mwimbaji wa Duran Duran, kila siku. Tangu hapo suti, rangi ya nywele na jinsi ya kutazama kamera vikawa sehemu ya kazi yenyewe. Hili tulishike, maana miaka ishirini baadaye The Bravery walishutumiwa kwa kujali sura. Katika mtindo huu, sura haikuwahi kuwa nyongeza.

Wimbo mmoja kwa karibu

Ukitaka kuelewa ni kitu gani hasa kiliwapagawisha wapiga kura wa BBC, sikiliza "An Honest Mistake", wimbo unaofungua albamu. Kinanda cha John Conway ndicho kinachobeba kile kipande kinachokaa kichwani. Chini yake gitaa la besi la Mike Hindert linakimbia bila kupumzika, noti fupifupi zilizo sawasawa, mchezo ambao Peter Hook wa New Order aliufanya kuwa alama yake ya maisha. Anthony Burulcich anapiga mdundo wa disko, siyo wa roki. Gitaa la Michael Zakarin haliji kuunguruma, linajaza mapengo kwa mistari myembamba.

Juu ya hayo yote yupo Sam Endicott, mwimbaji na mtunzi, mwenye sauti inayotetema kama ya mtu anayekaribia kulia lakini anajizuia kwa kiburi. Wengi waliposikia sauti hiyo walimtaja Robert Smith wa The Cure papo hapo, na hawakukosea. Mashairi yake ni ya mtu anayemwomba radhi rafiki wa zamani, anarudia kwamba lile lililotokea lilikuwa kosa lisilo na nia mbaya. Kosa lenyewe halitajwi mpaka wimbo unaisha. Ndiyo ujanja wake: kila msikilizaji anaweka kosa lake mwenyewe pale.

Video yake nayo ilikuwa na akili. Bendi inapiga katikati ya mtambo mrefu wa vitu vinavyoangushana, kimoja kikisukuma kingine, hadi mwisho mshale unafyatuka kuelekea shabaha na kuikosa. Video iliyotumia muda wote huo kuandaa kitu kisichofika ilikuwa ubashiri mbaya kwa bendi iliyotoka kutangazwa namba moja, ingawa wakati ule hakuna aliyeiona hivyo.

Singo hiyo ilifika namba 7 kwenye chati ya Uingereza. Albamu ikaingia namba 5 huko, na namba 18 kwenye chati ya Billboard 200 ya Marekani. Kwa bendi iliyofanya onyesho lake la kwanza mwishoni mwa mwaka 2003, hayo si mafanikio ya kubeza. Lakini tazama kilichofuata Uingereza: singo ya "Fearless" iliishia namba 43, na "Unconditional" ilipotolewa upya ikaishia namba 49. Kwenye chati ya wakati ule mashabiki waliokuwa wakingoja walinunua wiki ya kwanza, wimbo ukaingia juu na kuporomoka, kwa hiyo namba 7 moja haikuthibitisha mengi. Kushuka kutoka 7 hadi 43 ndiko kunakosema kitu. Watu waliokuja kuangalia kama sifa ni za kweli walikuwa wameshaangalia na kuondoka.

Kura ile inapima nini?

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kura ya Sound of ilianza na mwaka 2003, na mshindi wake wa kwanza alikuwa 50 Cent. Mwaka 2004 walikuwa Keane. Wote wawili walivuma sana, kwa hiyo The Bravery waliingia kwenye kiti ambacho kilikuwa hakijawahi kumwangusha aliyekikalia. Ukiongeza kwamba mwaka 2008 kura hiyo ilimtaja Adele, utaona kwamba wanaopiga kura si watu wasiojua kazi.

Lakini wanapiga kura wakiwa wamesikia nini? Mwishoni mwa mwaka 2004 The Bravery walikuwa na singo ya "Unconditional", iliyotolewa Uingereza na lebo ndogo ya Loog, nyimbo nyingine chache, na sifa za maonyesho yao ya klabu ya Arlene's Grocery, ukumbi mdogo wa Lower East Side ambako walipiga mara kwa mara hadi mawakala wa lebo wakaanza kujazana. Walikuwa pia wameshasaini na Island upande wa Marekani, maana yake kulikuwa na pesa na watu wa matangazo nyuma yao. Mpiga kura aliulizwa nani atatamba, hakuulizwa nani ni mzuri. Maswali hayo mawili yana majibu tofauti, na anayejibu la kwanza kwa uaminifu lazima aangalie nani ana lebo kubwa, nani ana wimbo unaofaa redio, nani ana sura ya kuweka kwenye jalada. Kwa kipimo hicho The Bravery walikuwa chaguo la busara kabisa.

Tatizo ni kwamba jibu lilipomfikia msomaji lilikuwa limegeuka. "Hawa huenda wakatamba" ikawa "hawa ndio bora". Magazeti ya muziki ya Uingereza, kama NME lililokuwa bado linatoka kila wiki na kuhitaji bendi mpya jaladani kila wiki, hayakuwa na sababu ya kusahihisha. Bendi nzuri ya klabu ikajikuta inabeba mzigo wa bendi ya kizazi kizima, na albamu yake ikapimwa kwa mzani huo.

Foleni ilikuwa ndefu

Kosa kubwa zaidi la The Bravery, kama ni kosa, ni tarehe. Uamsho wa sauti za mwisho wa miaka ya sabini na mwanzo wa themanini ulianza mapema zaidi yao. The Strokes, wa New York hiyohiyo, walitoa "Is This It" mwaka 2001. Interpol walifuata mwaka 2002 na albamu yenye kivuli kizito cha Joy Division. The Rapture na prodyuza James Murphy walirudisha panki kwenye sakafu ya disko. Mwaka 2004 Franz Ferdinand wa Glasgow walitwaa Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, kwa albamu yao ya kwanza, na Juni mwaka huohuo The Killers wa Las Vegas wakatoa "Hot Fuss", yenye kinanda, besi inayokimbia na mwimbaji Mmarekani anayesikika kana kwamba amelelewa Manchester.

Miezi tisa baada ya "Hot Fuss", The Bravery walifika kama mgeni anayeingia harusini sahani zikiwa zinakusanywa. Chakula chake kinaweza kuwa kilekile, lakini anakula peke yake na kila mtu anamtazama. Na wiki zilezile walizotoa albamu, Bloc Party walikuwa wametoka kutoa "Silent Alarm" na Kaiser Chiefs wa Leeds walikuwa wametoa "Employment". Mkosoaji wa gazeti alizipata zote mezani kwa mkupuo, na kulinganisha kukawa hakukwepeki.

Katika mlinganisho huo, naona The Bravery, walionyimwa nyota na wakosoaji, walistahili kunyimwa. Bloc Party walikuwa na Matt Tong, mpiga ngoma aliyefanya kila wimbo ubadilike mbele ya masikio yako, na Kele Okereke aliyeimba juu ya wasiwasi wa watu wa kizazi chake kwa namna ambayo hukuisikia kwa mwingine. Kaiser Chiefs hawakuwa na kina hicho, ila "I Predict a Riot" ilikuwa na mahali: usiku wa Ijumaa mjini Leeds, polisi, foleni ya teksi, vijana waliolewa. Albamu ya The Bravery haina mahali. Hawa ni watu wa New York, jiji ambalo lina habari kila kona, lakini ukisikiliza nyimbo zote kumi na moja huwezi kujua kama mwimbaji anaishi New York, Düsseldorf au ndani ya studio. Kuna usiku, kuna matamanio, kuna "mimi" nyingi sana.

Kuna pia suala la ufundi. Endicott alisimamia utayarishaji mwenyewe, jambo la kupongeza kwa bendi iliyoshukiwa kutengenezwa na lebo, lakini mtu wa nje angemwambia jambo moja: punguza. Kasi ya nyimbo nyingi inakaribiana, mdundo wa disko unarudi na kurudi, sauti inatetema pale isipohitaji kutetema. "Tyrant" inajaribu kupunguza mwendo na kwangu ni moja ya nyimbo zinazodumu. "Public Service Announcement" na "Swollen Summer" zinapita bila kuacha alama. Kufikia katikati ya albamu sikio limechoka, na wimbo mzuri kama "Unconditional", uliowekwa mbali kule wa tisa, unamkuta msikilizaji ameshaanza kuangalia simu yake. Aliyepanga mfuatano huo aliwanyima bendi haki yao.

Bifu

Mjadala ungebaki wa wakosoaji kama Brandon Flowers wa The Killers asingefungua mdomo. Mwaka 2005, katika mahojiano, mwimbaji huyo aliwashutumu The Bravery kwamba wanapanda juu ya mgongo wa bendi yake, na kwamba wamesainiwa kwa sababu The Killers walifanikiwa. Akagusa na historia ya Endicott: alipokuwa chuo cha Vassar, alikokutana na Conway, Endicott alipiga kwenye bendi ya ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, iliyoitwa Skabba the Hut. Hoja ya Flowers ilikuwa kwamba mtu aliyekuwa anapiga ska jana hawezi kuwa mwaminifu leo anapokuja na vinanda na suti.

Magazeti yalifurahi kupita kiasi. Bendi zote mbili zilikuwa chini ya lebo moja ya Island nchini Marekani, hivyo kila neno lililorushwa liliingiza pesa kwenye mfuko uleule. Sisemi bifu lilipangwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kulizima.

Ukipima hoja yenyewe, nusu yake ina maana. Lebo ikiona bendi moja ya vinanda inauza, hutafuta ya pili; ndivyo biashara ilivyo, na bila shaka mafanikio ya The Killers yaliwafungulia wengine mlango. Lakini kufunguliwa mlango si kuiga. The Bravery walikuwa wameshaunda sauti yao na kupanda jukwaani kabla "Hot Fuss" haijatoka. Bendi zote mbili zilikuwa zinachota kwenye kisima kimoja, mmoja akawahi ndoo.

Nusu ya pili, ile ya ska, haisimami. Mwanamuziki wa miaka 20 akipiga ska chuoni kisha akapenda New Order, hiyo ni safari ya kawaida ya kijana yeyote mwenye masikio. Tena aliyekuwa anarusha jiwe alikuwa na nyumba ya kioo: jina la The Killers lenyewe lilitoka kwenye ngoma ya bendi ya kubuni iliyoonyeshwa katika video ya "Crystal" ya New Order, ya mwaka 2001. Mtu aliyechukua hadi jina la bendi kwenye video ya magwiji wake anamtuhumu jirani kwa kukopi! Baadaye Flowers aliomba radhi, lakini doa lilikuwa limeshashika. Kwa mashabiki wengi wa Marekani The Bravery walibaki kuwa "wale wanaoiga The Killers", hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza wimbo wao hadi mwisho.

Nani hakuiga?

Tukishika shitaka la kuiga kwa uzito, lazima tuwashitaki na walioigwa. "Blue Monday" ya New Order, ya mwaka 1983, ambayo karibu kila bendi ya uamsho iliiabudu, imeundwa na vipande vya wengine: mdundo unaodaiwa na Donna Summer, sauti ya kwaya iliyochukuliwa kutoka kwa Kraftwerk wa Ujerumani, na mawazo ya disko ya Sylvester. Wenyewe New Order hawajaficha. Duran Duran walijengwa juu ya David Bowie, Roxy Music na Chic.

Na kuna deni moja ambalo linatugusa huku kwetu kwa karibu zaidi. Mwaka 1967 watafiti wa Ufaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi ikatolewa na Ocora, lebo iliyokuwa chini ya redio ya Ufaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Kifaransa aliongeza vyombo vya Kizungu juu ya ngoma hizo na kuziuza kama singo iliyoitwa "Burundi Black". Ikaingia kwenye klabu za London, na mwaka 1980 Malcolm McLaren, meneja wa zamani wa Sex Pistols, akawa anausambaza mdundo huo kama dawa. Adam and the Ants waliweka wapiga ngoma wawili jukwaani ili waukaribie, na albamu yao "Kings of the Wild Frontier" ikafika namba moja Uingereza. Bow Wow Wow, bendi aliyoiunda McLaren kwa kuwachukua wanamuziki wa Adam mwenyewe, walijenga jina lao juu ya mdundo huohuo. Ni new wave ya mwanzo kabisa, ile inayoitwa halisi. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao ingoma yao iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, hawakujulikana kwa majina na wale waliokuwa wakiicheza kwenye klabu za Soho, London.

Siliweki hapa ili kuwasafisha The Bravery. Ninachoona ni kwamba kuazima hakukuwahi kuwa kosa katika muziki huu; kosa huhesabiwa pale anayeazima anapokuwa wa tatu au wa nne, na msikilizaji bado anamkumbuka wa pili. New Order waliwaazima watu ambao mashabiki wa gitaa walikuwa hawawasikilizi. The Bravery waliwaazima New Order mbele ya mashabiki wa New Order. Hapo lazima ulete kitu chako cha kuongezea, na walicholeta, mbali na zile nyimbo tatu nne, kilikuwa kidogo.

Wazee wenyewe hawakuwa na kinyongo. Ziara ya Depeche Mode ya mwaka 2005 na 2006 iliyoitwa Touring the Angel iliwachukua The Bravery kama bendi ya kufungua. Watu waliotajwa kwenye kila hakiki kama walioibiwa ndio walioamua kuwapa jukwaa.

Baada ya moshi kutulia

Hali ya hewa ya Uingereza ilibadilika haraka mno. Oktoba 2005 Arctic Monkeys wa Sheffield walitoa singo iliyofika namba moja, na Januari 2006 albamu yao ya kwanza ikauza nakala zaidi ya 360,000 ndani ya wiki moja. Waliimba kwa lafudhi ya kwao juu ya mabaunsa na teksi za kwao, wakiwa wamevaa nguo za kawaida. Baada ya hapo bendi yenye wanja ilionekana ya zamani, ya miezi sita iliyopita.

The Bravery walisikia lawama, na walijibu kwa namna inayoeleza mengi. Albamu ya pili, "The Sun and the Moon" ya mwaka 2007, walimkabidhi Brendan O'Brien, prodyuza aliyezoea bendi za gitaa kama Pearl Jam. Vinanda vikarudi nyuma, nyimbo zikawa za roki ya wazi. Redio za roki za Marekani zilipenda: "Believe" ilifika namba 4 kwenye chati yao, juu kuliko "An Honest Mistake" iliyokuwa imefika namba 12. Lakini mwaka 2008 bendi ilitoa albamu hiyo upya ikiwa na toleo la pili la nyimbo zilezile, lililotengenezwa na wao wenyewe na kurudisha mashine na vinanda. Ubishi uliokuwa magazetini ulikuwa umehamia ndani ya bendi, na wakashindwa kuchagua. Albamu ya tatu, "Stir the Blood", ilitoka mwaka 2009 bila kelele nyingi, na kisha wakanyamaza kwa miaka.

Mwaka huohuo wa 2009 Endicott alikuwa mahali ambapo wengi hawakumtarajia. Yeye na John Hill, aliyeshirikiana naye kwenye albamu ya tatu, waliandika pamoja na Shakira wimbo wa "She Wolf", disko ya vinanda iliyovuma duniani kote. Kipaji chake cha kutunga kile kipande kinachonata hakikuwahi kuwa kiki. Kilikuwa tu kimewekwa mbele ya bendi, ndani ya mtindo ambao mashabiki wake hulinda milango, katika mwaka mbaya.

Anayetaka kuisikiliza albamu leo asianze mwanzo hadi mwisho. Achukue "An Honest Mistake", aruke hadi "Unconditional", arudi kwenye "Fearless", halafu "Tyrant" usiku. Kama baada ya hizo nne bado ana hamu, "No Brakes" na "Rites of Spring" zinamngoja. Zinazobaki anaweza kuziacha bila dhambi.